Koti la Bwana Ndege

Mzee Matano alikuwa akipiga pasi suruali ya mwalimu mmoja wa Kihesa wakati Inspekta Msaidizi Alawi Bushiri alipoinama kuingia kibandani kwake, pale Mlandege, mjini Iringa. Mzee hakuinua macho. Aliifungua pasi, akayapuliza makaa, akaifunga tena.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Kama ni kaptura za polisi, ziweke hapo. Utazipata kesho."

"Sikuleta kaptura. Nimekuja kwa habari ya Bwana Ndege."

Pasi ilisimama palepale juu ya suruali. Alawi alingoja. Moshi mwembamba ulipoanza kupanda, aliinyanyua pasi mwenyewe akaiweka kwenye kigae, na suruali ya mwalimu ikaponea chupuchupu.

Bwana Ndege ndilo jina watu wa Uporoto walilompa Grupu Kapteni Hallam, Mwingereza aliyekuwa mkubwa katika jeshi la anga, cheo sawa na kanali wa nchi kavu, na ambaye baada ya vita alikuja kulima pareto kwenye milima ya juu ya Mbeya. Ijumaa iliyopita alikutwa amekufa kwa risasi ya kifua ndani ya banda lake la kukaushia maua. Bastola yake haikuonekana. Mpishi wake, Gideoni, Mnyakyusa na mzee wa kanisa, sasa alikuwa rumande Mbeya, na Jumatatu angesimamishwa mbele ya hakimu kwa shtaka la kuua. Shtaka hilo mwisho wake ni kitanzi.

Ushahidi ulikuwa wa kumtosha jaji yeyote. Daktari alisema shati la marehemu halikuwa na alama ya kuungua pale risasi ilipoingia, kwa hiyo aliyefyatua alisimama mbali, na mtu hawezi kujipiga risasi kwa mbali. Tusekile, mkamwana wa Gideoni, alisema alimwona baba mkwe wake bandani alasiri ile, na koti lake la kijivu mwilini. Koti lenyewe Koplo Silvester alilikuta limeanikwa nyuma ya jiko, limefuliwa, linachuruzika maji. Gideoni hakukana wala hakukiri. Alisema, "Mungu anajua," na tangu hapo akafunga mdomo.

Kilichomleta Alawi Iringa ni neno la vibarua wa shamba. Siku chache kabla ya kifo, walisema, alikuja mgeni kutoka Iringa, mzee aliyekatika vidole, nao walimsikia akimfokea Bwana Ndege barazani. Suprintendanti Crowther, mkuu wa Alawi, alilipuuza neno hilo. "Nenda," alimwambia, "lakini Jumatatu haitakungojea."

"Ulimfokea mzungu kwenye baraza yake mwenyewe," Alawi alisema. "Katika nchi hii ni wachache wanaofanya hivyo wakarudi kwao salama."

"Nilimfokea. Na angekuwa hai ningemfokea tena." Matano alimkazia macho. "Wewe si mtoto wa Mwantumu, yule wa vitumbua?"

"Ndimi."

"Basi mama yako hakukufundisha kumhoji mtu mzima umesimama. Kaa."

Alawi akakaa juu ya kreti. Polisi ni polisi, lakini Mlandege ni kwao.

"Ninyi mnamjua kama mkulima," Matano alianza. "Mimi nilimjua akiwa mkubwa. Hakuwa mtoto wa mabwana yule. Alianza ujana wake kwa kupaka grisi ndege za zamani, zile za mabawa ya turubai. Akapanda cheo kimoja kimoja. Akaruka jangwani huko Iraki, akafika mpaka Grupu Kapteni. Kule Burma alikuwa na uwanja mzima chini yake, ndege za mizigo. Mimi nilikuwa msukumaji. Mnafika juu ya askari, mlango uko wazi, unasukuma magunia ya mchele na mikebe ya nyama, yanashuka na miamvuli. Vidole vyangu vilibaki kwenye kamba."

Alionyesha mkono. Alawi aliutazama bila haraka, maana mzee alitaka utazamwe.

"Mwezi wa tisa, mwaka wa arobaini na nne. Askari wetu wa Afrika Mashariki wamekwama bondeni, chakula kimekwisha, wanachemsha majani. Mvua hainyamazi. Watu wa hali ya hewa wakasema leo ndege hairuki. Bwana Ndege akasema zinaruka. Ziliondoka nne. Ikarudi yangu peke yake."

"Na yeye?"

"Nilimkuta mwisho wa uwanja, mvua inampiga, amevaa lile koti la kijivu. Alinishika bega akaniuliza kitu kimoja tu: wamepata? Nikamwambia wamepata, bwana. Akaendelea kusimama. Kulikucha bado amesimama, anazingoja zile tatu." Matano alijifuta pua kwa kiganja. "Vita ilipokwisha walitaka kumpa cheo kikubwa zaidi, akakae London. Akakataa, akaacha kazi. Akaja huku kuwatafuta watu waliokula ule mchele. Alizunguka mabarazani akiuliza nani alikuwa bonde lile. Mbeya akainuka mmoja."

"Gideoni."

"Gideoni. Ndiyo maana shamba liko kule. Huyo mnayesema amemuua."

Alawi alivua kofia, akaiweka gotini. "Sasa kelele zilikuwa za nini?"

"Koti lile alikwisha kumpa Gideoni, tangu mwaka wa kwanza. Lakini kila mwaka, siku ileile ya mwezi wa tisa, analiazima kwake, analivaa. Mimi napanda basi naenda. Tunasimama watatu mlangoni pa banda, kimya, tunatazama mawingu mpaka jua lizame. Halafu tunakunywa chai. Mwaka huu akaniita mapema, akaniambia siku yenyewe nisije. Eti atasimama peke yake. Nikamwambia, wale walikuwa wenzangu kabla hawajawa wako! Ndizo kelele zenyewe."

"Siku yenyewe ilikuwa ipi, mzee?"

Matano aliishika pasi, akaikuta imepoa. "Unaijua," alisema. "Ndiyo iliyokuleta."

"Mbona hukuja kusema?"

"Nani aliniuliza? Na ningesema nini? Acha tu, mwanangu."

Alawi hakumsukuma zaidi. Alikuwa amepata alichokifuata, ingawa sicho alichokitegemea. Alikuja kumtafuta muuaji mwenye vidole pungufu, naye alikuwa akirudi na jambo jingine kabisa: alasiri ile, kwa desturi ya shamba lile, koti la Gideoni halikuwa mwilini mwa Gideoni.

* * *

Uporoto kulikuwa na ukungu, na baridi yake haina adabu. Alawi alimkuta Damari, mkewe Gideoni, akimenya viazi uani. Karibu na mlango kilikuwepo kigoda, hakuna aliyekikalia tangu mwenyewe achukuliwe.

"Ndaga, mama Asukile."

"Ndaga, afande. Umemleta?"

"Bado."

Damari aliendelea kumenya. Tusekile, mke wa mwanawe Asukile, alitokea na ndoo ya maji kichwani. Jiko lilikuwa hatua chache tu mbele yake, lakini hakupita uani. Alishuka nyuma ya nyumba, akapita kwenye migomba, akaibukia upande wa pili akiwa na umande mpaka magotini.

"Mbona anazunguka hivyo?" Alawi aliuliza.

Damari alikaribia kutabasamu. "Kile kigoda. Cha baba mkwe wake."

"Lakini mwenyewe hayupo."

"Hata kama. Sisi mke wa mtoto hamkaribii baba mkwe. Hasemi naye, jina lake hataji, uso wake hautazami. Akimwona njiani anatua mzigo, anageuka, anajifunika, mpaka mwenyewe apite. Mchungaji amegombeza mpaka amechoka."

"Tangu aolewe hajamwona uso?"

"Mma, hapana! Uso? Aibu gani hiyo, afande!"

Alawi alijiona mjinga. Mwiko huo alikuwa ameusikia siku zote alizoishi Mbeya, kama mtu anavyosikia habari za jirani zikaingia huku zikatokea huku. Hakuwahi kuuweka kando ya ushahidi wa Tusekile akavitazama pamoja. Na Koplo Silvester, mtu wa Songea, wala hakuusikia.

Tusekile alikaa mbali kidogo, kanga imeshuka mpaka kwenye nyusi. Macho yalikuwa yamevimba.

"Mwanangu, alasiri ile bandani ulimwona nani?"

"Nilishamwambia yule koplo. Mwenye kigoda."

"Ulimwona uso?"

Aliruka kidogo, kama aliyeulizwa jambo la chumbani. "Afande! Nitamwonaje uso?"

"Ulijuaje basi ni yeye?"

"Koti. Nilitoka kisimani, ukungu umeshuka. Nikaona koti mlangoni pa banda. Nikatua ndoo, nikageuka, nikajifunika. Nani mwingine analo koti lile?"

"Alikuwa anatoka au anaingia?"

"Mimi nilikuwa nimegeuka."

"Koplo anasema anatoka."

"Koplo ndiye aliniuliza, alikuwa anatoka, eti? Nikanyamaza. Mtu wa serikali akikuuliza namna ile utafanyaje?"

Alawi alimwapiza Silvester kimoyomoyo. "Mlango ule una njia ngapi?"

"Moja. Nyuma ni korongo."

"Na wewe uko kwenye njia hiyo, umegeuka, unangoja apite. Alipita?"

Tusekile alifikiri. Alawi aliona wazi kwamba swali hilo hakuna aliyewahi kumuuliza, wala yeye hakuwahi kujiuliza.

"Hakupita," alisema polepole. "Nilisikia kishindo, nikadhani mlango wa bati. Nikangoja. Miguu haikunipita. Nikangoja mpaka nikaona nitachekwa, nikakata shambani kwenye viazi, nikaenda nyumbani."

Halafu alijifunika uso mzima. "Afande, wanasema ni mimi nimemfunga. Asukile hali chakula changu. Nampakulia, anakitazama, anatoka nje."

Damari aliacha kumenya. Hakumtetea wala hakumkemea, na Alawi alimwonea huruma huyo mwanamke mkubwa naye, aliyekaa kati ya mume rumande na mke wa mwanawe aliyempeleka huko.

* * *

Kituoni Mbeya Alawi aliomba koti kutoka chumba cha vielelezo, akalitandaza mezani penye mwanga wa dirisha. Kila mtu alikwisha kuliona, na kila mtu aliona kitu kimoja: limefuliwa. Muuaji amefua damu.

Alawi alitazama kifua. Upande wa kushoto palikuwa na kiraka kidogo, rangi ileile ya kijivu, kimeshonwa kwa mshono wa kubana kama wa mifuko ya jeshi. Akalipindua koti. Pindo la ndani lilikuwa limekatwa kipande, na pale palipokatwa nyuzi zilikuwa bado mpya. Kiraka cha zamani hakiachi nyuzi mpya.

Alichukua wembe akaufumua mshono mmoja mmoja. Chini yake palikuwa na tundu la risasi, na ukingo wake ulikuwa umeungua mweusi. Sabuni iliitoa damu, lakini kuungua hakufuliwi.

Basi daktari hakukosea. Shati halikuungua kwa sababu koti ndilo lililoungua. Mtu aliyevaa koti na mtu aliyepigwa risasi alikuwa mtu mmoja, na mdomo wa bastola ulikuwa umegusa kifua chake.

* * *

Gideoni alisimama wima Alawi alipoingia rumande, viganja vimebana mapajani, kama askari. Alawi alilitandaza koti juu ya benchi, tundu juu.

"Baba Asukile, nimetoka kwa Matano."

Mzee aliinama, akaligusa tundu kwa kidole.

"Umeliharibu," alisema. "Nilikuwa nimelishona vizuri."

"Ulilishona vizuri sana. Ulimkuta ameshakufa?"

Nje mlinzi alikuwa akipiga mluzi. Alawi alitoa kichwa mlangoni, akamfukuza, akarudi.

"Chai ilikuwa inapoa," Gideoni alisema hatimaye. "Nikaenda kumwita. Nikamkuta amekaa, ameegemea nguzo, bastola mkononi. Koti amelifunga vifungo vyote."

"Kwa nini hukusema?"

"Afande, hilo hata kwenu Waislamu mnalijua. Aliyejiua hazikwi na watu. Kwetu zamani hata kilio alinyimwa. Kanisani anawekwa nje ya ua, bila kengele. Sasa yule? Yule aliyetulisha? Nikasema mma. Lile koti likikutwa mwilini, na siku yenyewe ni ile, Matano atajua, na wazungu watajua. Nikalivua. Nikaichukua na bastola." Aliinua macho kwa mara ya kwanza. "Wamemzika namna gani?"

"Kwa heshima. Makaburi ya kanisa."

"Tarumbeta ilipigwa?"

"Ilipigwa."

"Bendera?"

"Ilikuwepo."

"Basi."

"Basi nini? Wewe utanyongwa!"

"Mimi nilikuwa nife kule bondeni, afande. Siku zote hizi zilikuwa nyongeza. Asukile mwenyewe nilimzaa kwa ule mchele."

Alawi alikuwa amewahoji wezi, wachawi na waume wenye wivu, lakini mtu anayenunua kaburi la mwenziwe kwa shingo yake, huyo hakuwahi kukutana naye. Alimheshimu, na papo hapo alimkasirikia.

"Na Tusekile?"

Gideoni alishtuka, akageuza uso ukutani. "Huyo usimtaje mbele yangu."

"Nitamtaja. Mumewe hali chakula chake. Kijiji kinamwita aliyemfunga baba mkwe. Alikuheshimu, akageuka, hakutazama. Angekuwa mtovu wa adabu angeona uso wa Bwana Ndege, na wewe usingekuwa hapa. Ukinyongwa, atakufa na mzigo huo, na mzigo si wake. Bwana Ndege umemlipa, baba. Sasa unamkopa huyu mtoto bila yeye kujua."

Mzee alikaa chini. Alilivuta koti, akalikunja, akalikunjua, akalikunja tena. Machozi yalimtoka waziwazi, naye hakuyafuta.

"Sikulifikiria hilo," alisema. "Nilifikiria kaburi tu."

"Bastola iko wapi?"

"Ndani ya pipa la maji ya mvua, nyuma ya jiko." Kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Watamfukua?"

"Sijui," Alawi alisema. Angeweza kusema hapana, lakini hakuwa na hakika, na mzee huyo hakustahili kudanganywa.

* * *

Suprintendanti Crowther alisikiliza mpaka mwisho bila kuketi. Mbele yake kulikuwa na koti, na bastola iliyolowa, ndani yake ganda moja tupu. Alipitisha kidole chake mwenyewe penye tundu, kisha akaenda dirishani akautazama mlima Loleza kwa muda. Naye alipigana vita ile.

"Andika hivi, Bushiri. Alikufa kwa risasi ya bastola yake mwenyewe, na hakuna mtu mwingine aliyehusika."

"Na sababu, bwana?"

"Sisi tunatafuta nani aliua. Tumekwisha kumpata."

"Na kaburi?"

"Kaburi limefungwa. Polisi hawana kazi huko." Alirudi mezani. "Huyo mpishi alificha ushahidi, lakini amekaa ndani ya kutosha. Hakimu nitazungumza naye mimi. Koti ni la nani?"

"La Gideoni, bwana. Alipewa."

"Basi mpe."

* * *

Jumatatu gari la polisi liliishia chini ya mlima, kwa kuwa njia ya juu ilikuwa tope. Gideoni alilivaa koti, akaanza kupanda, na Alawi nyuma yake. Tundu la kifuani lilikuwa wazi. Alawi alikuwa amemwomba radhi kwa kulifumua, mzee akasema atalishona mwenyewe akipata nafasi.

Karibu na kisima ukungu ulifunguka kidogo, na Tusekile akatokea na ndoo yake. Aliliona koti. Papo hapo akaitua ndoo, akageuka, akavuta kanga mpaka usoni.

Gideoni alisimama. Kusema naye hakuweza, na hakutaka kuweza. Alikuwa mtu wa mila yake. Alikohoa. Alikohoa tena, kwa nguvu, kikohozi chake cha asubuhi kinachojulikana nyumba nzima. Kisha akamgeukia Alawi, ingawa Alawi alikuwa hatua moja tu kutoka kwake, akasema kwa sauti ya kusikika ng'ambo ya korongo:

"Afande! Ukifika nyumbani, mwambie Asukile baba yake amesema hivi: leo tutakula sote chakula alichopika mke wake."

Mabega ya Tusekile yalitetemeka. Hakugeuka. Mzee alipita nyuma yake taratibu, akikanyaga kwa kishindo kuliko desturi yake, na Alawi akapita akiwa ameangalia chini. Walipofika kwenye kona, Alawi alitupa jicho nyuma. Ndoo ilikuwa bado chini na yeye bado amegeukia majani, ameinamisha kichwa akisikiliza, na alipozisikia nyayo zimeingia uani ndipo akajitwika maji yake.